Latour au Margaux: ipi uilaze ghalani?

Ukiniuliza kati ya Château Latour na Château Margaux, divai nyekundu mbili za Bordeaux, Ufaransa (château ni shamba la divai), ununue ipi, nitakurudishia swali: unataka kuifungua mwaka gani? Wengi huanza na jina, wakaja kwenye bei, wakaja kwenye alama za wakosoaji. Suala la lini itafunguliwa hulikumbuka wageni wakiwa wameshakaa mezani na kizibuo kiko mkononi. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba ametoa mamia ya euro kununua ukakasi.

Kwa daraja, hizi mbili ni sawa. Mwaka 1855, Napoleon III alipoandaa maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux walipewa kazi ya kuzipanga divai nyekundu za Médoc, eneo la mizabibu kaskazini mwa mji huo, katika madaraja matano. Hawakukaa kuonja. Walitazama bei ambazo kila shamba lilizoea kupata sokoni miaka nenda rudi, wakaandika orodha. Daraja la kwanza wakaweka nne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, ambayo wala haiko Médoc, iko Pessac, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno kuachwa nje. Mouton Rothschild ilipandishwa 1973, zikawa tano. Kwa hiyo muuzaji akikwambia moja kati ya hizi mbili "ina daraja" kuliko mwenzake, anakuuzia maneno.

Tofauti yao iko ardhini. Ukitoka mji wa Bordeaux ukaufuata mto Gironde kuelekea kaskazini, unapita kijiji cha Margaux kwanza, halafu Saint-Julien, ndipo ufike Pauillac. Latour iko ukingoni mwa Pauillac upande wa kusini, imetengwa na Saint-Julien kwa kijito tu. Moyo wake ni l'Enclos, kipande cha hekta 47 hivi kinachoizunguka nyumba, karibu kabisa na maji. Watu wa Médoc husema mizabibu bora ni ile inayouona mto, na hapa si majivuno matupu. Maji mengi hayapoi haraka, kwa hiyo ile baridi ya usiku wa Aprili inayounguza machipukizi ya mashamba ya ndani hufika Latour ikiwa imepungua makali. Juu ya ardhi kuna changarawe nene, inayopitisha mvua upesi na kutunza joto la jua. Chini ya changarawe kuna mfinyanzi unaoshika unyevu, na mzabibu hulazimika kuteremsha mizizi kuufuata. Mwaka 2003, joto lilipoitesa Ulaya nzima na mashamba mengi yakatoa zabibu zilizosinyaa, Latour ilitoa mojawapo ya divai zake kubwa. Mizizi ilikuwa na mahali pa kunywa.

Margaux nako kuna changarawe, lakini udongo wake ni mwepesi, na sehemu nyingine kuna chokaa chini. Udongo wa namna hiyo hauipi divai misuli, unaipa harufu. Anayeonja mara ya kwanza anaweza kudhani Margaux ni dhaifu kwa sababu haimpigi kifuani. Si dhaifu. Tanini zake, yaani vile vinavyoleta ukakasi, ni nyingi vilevile, ila zimesagika laini kiasi kwamba unazihisi tu baada ya kumeza, pale ulimi unapokauka polepole.

Nataja udongo kwanza kwa makusudi, maana kuna maelezo mepesi ambayo utayasikia kila mahali: kwamba Latour ni ngumu kwa kuwa imejaa zabibu ya Cabernet Sauvignon, na Margaux ni laini kwa kuwa ina zabibu ya Merlot. Zamani maelezo hayo yalikuwa na ukweli kiasi. Siku hizi divai kuu ya Latour mara nyingi huvuka asilimia 90 ya Cabernet Sauvignon, lakini na Margaux ya miaka ya karibuni iko hukohuko, karibu asilimia 90. Zabibu ni ileile, punje ndogo yenye ganda nene na mbegu nyingi, na mapipa ni yaleyale ya mwaloni wa Kifaransa. Ziweke bilauri mbili bega kwa bega na bado hutazichanganya.

Kinachofanya zote mbili ziweze kukaa miaka hamsini si siri. Maganda na mbegu hutoa tanini, ule ukakasi wa chai iliyosahaulika kwenye birika. Divai changa ya aina hii inakausha fizi hadi huwezi kuonja kitu kingine. Ikiachwa chupani, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa nzito, mwishoni zinatua chini kama mashapo. Ndiyo maana chupa ya miaka thelathini ina tope la zambarau iliyoiva ubavuni, na divai yenyewe imegeuka kutoka wino kwenda rangi ya tofali. Uchachu ndio unaoiweka hai wakati haya yakiendelea. Divai yenye tanini nyingi bila uchachu inachoka kabla haijalainika, na yenye uchachu bila tunda inabaki kuwa kitu kikali tu.

Sasa safari ya kila moja. Latour ikiwa na miaka mitano ni ukuta. Ina tunda jeusi, ina harufu ya risasi ya penseli, na huoni mlango wa kuingilia. Kati ya mwaka wa nane na wa kumi na tano hununa kabisa. Unaimimina, unanusa, haisemi kitu. Watu wengi wamewahi kuifungua kipindi hicho wakaapa kwamba sifa zake ni porojo. Baada ya miaka ishirini, mwaka ukiwa mzuri, ndipo inaanza kutoa mwerezi, tumbaku, ngozi, jozi, na ule utulivu wa kinywani ambao sijaupata kwingine. Kutoka hapo inaweza kuendelea miaka mingine thelathini bila kuhema.

Margaux nayo hununa, lakini haikufungii mlango kabisa. Hata ikiwa changa hutoa ua, violeti hasa, na ile hali ya hariri mdomoni. Ikifika miaka kumi na tano tayari inazungumza. Ikifika ishirini na tano imekuwa harufu zaidi ya ladha: unaweza kukaa na bilauri dakika kumi ukinusa tu kabla hujagusa. Mwaka 1868 binti wa Karl Marx alimpa Friedrich Engels, rafiki wa baba yake, fomu ya maswali ya kujifurahisha, na penye swali kuhusu furaha Engels akajibu: Château Margaux 1848. Ni mavuno ya mwaka wa mapinduzi ya Ulaya, sawa, alikuwa na utani wake. Lakini hesabu miaka: ilikuwa na ishirini. Mzee alijua wakati wa kuifungua.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii. Kama chupa itafunguliwa ndani ya miaka kumi na tano tangu mavuno, nunua Margaux, na bado uwe na subira. Kama unamwekea mtoto aliyezaliwa mwaka huo, ukitaka mfungue pamoja akiwa na miaka thelathini, nunua Latour. Hapo katikati, miaka ishirini hadi ishirini na tano, ni suala la moyo wako: unapenda manukato au unapenda uzito?

Hayo ni ya kwenye bilauri. Namna ya kununua inatofautiana zaidi, na hapo ndipo fedha za watu hupotelea.

Bordeaux ina desturi ya kuuza divai ikiwa bado pipani. Majira ya kuchipua baada ya mavuno, wafanyabiashara na wakosoaji wanaonja sampuli, château inatangaza bei, unalipa, kisha unasubiri kama miaka miwili chupa zifike. Margaux bado inauza hivyo. Faida yake ni kwamba unapata chupa ambayo haijazunguka maghala ya watu, na unaweza kuagiza ukubwa unaoutaka. Hasara ni kwamba umemkopesha mwenye shamba fedha bila riba, na kuna miaka ambapo bei ya kungojea pipani ilikuwa juu kuliko bei ya chupa hiyohiyo miaka mitano baadaye. Mimi siku hizi nanunua pipani nikitaka magnum tu, yaani chupa ya lita moja na nusu, kwa sababu magnum hukomaa polepole na ukizikosa mwanzo kuzipata baadaye ni shida.

Latour ilijitoa kwenye mchezo huo mwaka 2012; mavuno ya 2011 ndiyo ya mwisho kuuzwa pipani. Tangu hapo divai inalala kwenye maghala ya shamba lenyewe hadi wenyewe waone kwamba imeanza kufaa kunywewa, ndipo itolewe sokoni. Madalali walilalamika sana, na unaelewa kwa nini: faida ya kusubiri imehamia kwa mwenye shamba, François Pinault, aliyelinunua mwaka 1993 na hana haraka ya fedha. Kwako mnunuzi maana yake ni hii: unalipia zaidi, lakini umenunua miaka ya ghala ambayo huna sababu ya kuitilia shaka. Kwa mtu asiye na pa kuhifadhia divai, huo ni mpango mzuri kuliko wanaoupinga wanavyokubali. Kwa mwenye ghala lake zuri, ni kulipia kodi ya nyumba wakati una nyumba.

Na kwa mwaka uleule, Latour kwa kawaida ni ghali kuliko Margaux. Wakati mwingine pengo ni dogo, wakati mwingine linatosha kununua chupa ya tatu. Mimi huwa naligeuza hivi: fedha hizi zinanipa Latour ya mwaka wa kawaida au Margaux ya mwaka mkubwa? Likija hivyo, sijawahi kujuta kuchukua Margaux.

Chupa za zamani ni kesi nyingine, na hapa historia ina kazi. Latour ilishika mwendo hata miaka migumu. Mwaka 1963 ilienda mikononi mwa Waingereza, wakaleta matangi ya chuma kisichoshika kutu wakati majirani wengi wangali na ya mbao, na divai za miaka ya sitini na sabini unaweza kuzinunua ukiwa na matumaini. Margaux kipindi hicho ilikuwa inayumba. Soko la Bordeaux liliporomoka katikati ya miaka ya sabini, ukoo wa Ginestet ukashindwa kulibeba shamba, kampuni moja ya Marekani ikataka kulinunua na serikali ya Ufaransa ikazuia. Mwaka 1977 akalichukua André Mentzelopoulos, Mgiriki aliyemiliki maduka ya vyakula Ufaransa. Alichimba mifereji, alipanda upya, alimleta profesa wa divai Émile Peynaud kushauri, akafariki 1980 kabla hajafaidi. Binti yake, Corinne, akaendelea. Kwa hiyo kwenye mnada, ukiiacha ile ya 1961, Margaux ya kati ya hapo na 1977 naipita bila kugeuka. Kuanzia 1978 naisimamisha na kuitazama.

Ya miaka ipi, basi? Sitapanga orodha nzima, watu wana vitabu. Zinazofaa kujadiliwa ni zile ambapo majirani hawa hawakwenda sambamba. 1982 ni Latour, bila ubishi. Mwaka uliofuata, 1983, kijiji cha Margaux kilifanya vizuri kuliko Pauillac, na Margaux ya 1983 bado naiona mojawapo ya ununuzi wa busara kwa mtu anayetaka divai iliyokomaa bila kulipia jina la 1982. 1996 Cabernet iliiva vizuri Médoc nzima. Chukua yoyote, ila Margaux imefunguka zaidi. 2003, nimeshasema, Latour. 2010 zote ni kubwa na zote bado hazijafika. Kuifungua Latour ya 2010 leo ni kumwamsha mtu saa nane za usiku. 2015 naipa Margaux. Ndiyo ya mwisho kuvunwa chini ya Paul Pontallier, msimamizi wa shamba, aliyefika pale 1983 na kufariki mapema 2016 divai ikiwa pipani. Wakaitia kwenye chupa ya pekee yenye maandishi ya dhahabu kumuenzi. Chupa hiyo wakusanyaji wanaigombania kwa sura yake, jambo linaloongeza bei bila kuongeza tone la ladha. 2013, kama hujapewa bure, acha zote mbili.

Lakini mwaka mzuri ukilala pabaya ni kazi bure. Niliwahi kununua Margaux ya 1983 kwa dalali ambaye simtaji, picha ya lebo ikiwa safi kama ya jana. Ilipofika nikapapasa karatasi ya risasi shingoni: ilikuwa inanata, na juu kulikuwa na uvimbe. Kizibo kilikuwa kimesukumwa nje kama milimita mbili. Maana yake ni moja, chupa ilipata joto, divai ikatanuka, ikatafuta njia. Ndani kulikuwa na ladha ya tunda lililochemshwa, na ile harufu ya ua haikuwepo kabisa. Lebo safi haikunisaidia kitu. Ukweli ni kwamba lebo safi mno kwenye chupa ya miaka arobaini hunitia shaka, kwa sababu ghala zuri lina unyevu wa asilimia 70 hivi, na unyevu hauachi karatasi ikiwa mpya.

Kabla ya lebo, basi, tazama kimo cha divai. Chupa ya Bordeaux ina shingo ndefu na mabega ya mraba, kama mtu aliyevaa koti, na ndiyo kipimo chako. Ya miaka ishirini na tano ikiwa bado shingoni, vizuri sana. Ya miaka arobaini ikiwa imeshuka hadi juu ya bega, ni kawaida ya uzee. Ikiwa katikati ya bega, hewa imeingia, na bei inapaswa kushuka kuliko kimo chenyewe. Mkubali muuzaji anayekutumia picha ya chupa ikiwa mbele ya taa. Asiyetaka, ana sababu.

Bandia zipo, na hufuata majina makubwa. Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya divai na kubandika lebo nyumbani kwake California, alitiwa hatiani New York 2013 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Na mwaka 1989, hukohuko New York, chupa ya Margaux ya 1787 iliyodaiwa kuwa ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, iligongwa kwenye karamu ikavujia zuliani. Bima ikalipa dola 225,000. Mpaka leo watu wanabishana kama chupa hiyo, na nyingine zilizodaiwa vivyo hivyo, zilimhusu Jefferson kweli. Kwa upande huu Latour iliyotoka ghala la château miaka hii inakupa usingizi kuliko kitu chochote cha mnadani.

Kama bei za divai kuu zinakutoa jasho, usidhani mlango umefungwa. Kila shamba lina divai yake ya pili, na hapa ulinganisho unapinduka. Les Forts de Latour, iliyoanza na mavuno ya 1966, inatoka kwa sehemu kubwa kwenye vipande vyake maalumu nje ya l'Enclos, pamoja na mizabibu michanga. Si masalia, ni Pauillac kamili, yenye ukaidi uleule wa kaka yake kwa kipimo kidogo, na inataka miaka kumi hadi kumi na tano. Pavillon Rouge ya Margaux ni jina la tangu 1908. Zamani niliiona nyepesi mno. Miaka ya karibuni wamekuwa wakali wa kuchuja, wakaongeza hata divai ya tatu ili ya pili isibebe kila kitu, na sasa inafungulika ikiwa na miaka minane ikiwa na ile harufu ya nyumbani kwao. Kwa mwenye kuingia safari hii kwa mara ya kwanza, ningesema Pavillon Rouge. Kwa anayetaka kujifunza kungoja bila kuhatarisha akiba, Les Forts, chupa tatu, moja kila baada ya miaka mitano.

Ukishachagua, ilaze ubavu mahali penye giza, nyuzi 12 au 13, pasipotikisika. Siku ya kuifungua isimamishe tangu jana yake ili mashapo yashuke. Iwe na ubaridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18. Chupa yenye zaidi ya miaka thelathini usiitegee kizibuo cha kawaida cha kuzungusha, kizibo kitakatika; tafuta kile cha ncha mbili bapa zinazoteleza ubavuni mwa kizibo. Washa taa chini ya shingo, mimina kwenye jagi la kioo taratibu, bila kusita, mkono mmoja, na macho yasibanduke shingoni. Latour iache humo saa mbili au tatu, ikiwa changa hata zaidi. Margaux ya zamani usiiache hivyo, harufu yake hukimbia. Imimine na uinywe. Mshale mweusi wa mashapo ukifika begani, simama. Kinachobaki ni kama vijiko vinne vya tope, na usiwe na huruma navyo.